Picha Nne Nilizochoma

Wenzangu wa studio, siku ya kuniaga mlinipa kitenge, soda mbili na saa ya ukutani. Kumpa saa mtu aliyestaafu ni utani wa aina yake, ila nimeitundika. Ipo hapa juu ya kichwa changu inagonga wakati naandika. Mkasema pia, "Dada Anaeli, tuandikie basi hayo ya enzi za chumba cha giza." Nadhani mlitaka vichekesho. Vipo vichache, nitawapa. Lakini nimechoka, na mtu aliyechoka hana nguvu za kupamba, kwa hiyo mtapata na mengine ambayo hamkuyaomba.

Niliingia studio nikiwa na miaka ishirini na tatu. Nilikuwa nimeshuka kutoka Marangu na cheti cha kupiga taipu ambacho hakuna ofisi iliyokitaka. Mwenye studio, marehemu Mzee Twaha, alikuwa mtu wa mjini hapa hapa Moshi. Bibi yake Mpare, na babu yake alikuwa Mwarabu siku Mzee akiwa na furaha, siku nyingine Mnyamwezi. Cheti changu hakukitazama. Alitazama viganja vyangu, mbele na nyuma, akauliza kama vinatoka jasho. Nikasema hapana. "Basi utafaa," akasema. "Jasho linaacha alama kwenye mkanda wa picha." Huo ndio ulikuwa usaili wangu.

Asubuhi ile ile alinifungia ndani ya chumba cha giza, bila hata ile taa nyekundu, nikiwa na mkanda mbovu na kigurudumu cha kuuzungushia. Kazi ilikuwa kuuvisha mkanda kwenye kigurudumu kwa kupapasa, usijikunje, usijigusishe wenyewe kwa wenyewe. Nilishinda humo hadi adhana ya adhuhuri, nikalia mara mbili. Aliponifungulia aliangalia mkanda, hakuniangalia mimi. "Ukilia gizani unalowesha mkanda," akasema. "Kesho tena." Baada ya wiki tatu niliweza kuifanya kazi hiyo huku nikiwaza mambo ya nyumbani, na hapo ndipo alipoanza kuniita binti yangu.

Kusafisha picha kulikuwa na dawa tatu katika trei tatu, na maji mengi. Dawa ya kwanza inaitoa picha, ya pili inaisimamisha, ya tatu inaishikiza isifutike. Hiyo ya pili ina harufu kama ya siki, na inakaa kwenye nywele. Mume wangu alikuwa akisema ameoa chupa ya achari. Nilipofunga kitambaa ikahamia kwenye kitambaa.

Jambo moja ninyi hamlijui, na si kosa lenu. Mnapiga, mnaona, mnafuta. Zamani mteja hakuweza kuiona picha yake kabla ya mtu mwingine kuiona. Lazima awepo mtu katikati, na kwa mji huu, kwa miaka mingi, mtu huyo nilikuwa mimi. Nilijua nani kanunua redio, nani kazaa nje, na padri yupi anacheza vizuri muziki. Nilikuwa nakutana na watu sokoni wananisalimia kwa heshima iliyozidi kidogo, nikajua wanakumbuka nilichokiona.

Na nilichokiona, mara nyingine, kilikuwa watu bila nguo.

Msicheke. Mnadhani picha za uchi zilikuja na simu. Zilikuwepo, ila zilipita gizani kwanza. Mkanda wangu wa kwanza wa namna hiyo uliletwa na wapagazi wa kwetu Marangu. Walikuwa wameshuka mlimani na wazungu, mzungu mmoja akawaachia kamera, wakapigana picha wakioga mtoni, sita kwa mstari kama walivyozaliwa. Nilitoka chumbani uso unawaka. Mzee Twaha akaziangalia, akacheka mpaka akavua kofia. "Safisha," akasema. Walipokuja kuzichukua walizitandaza juu ya kaunta mbele ya wateja wote, wakagombania nani kapendeza. Mmoja akaagiza kopi ya kumpelekea mama yake. Nilidhani anatania, lakini alirudi kuichukua, akaitilia na fremu ya kioo.

Wiki chache baadaye bwana mmoja mwenye koti zuri alileta mkanda wake, na ndani yake mlikuwa na mwanamke kitandani, hana nguo, mkono umeziba uso. Nikampelekea Mzee Twaha nikitarajia acheke. Hakucheka. Alichukua mkasi, akakata vipande vile, akaenda nyuma, akavichoma kwenye debe la samli tulilochomea takataka. Akanifundisha na maneno ya kumwambia mwenye mkanda: "Mwanga uliingia."

Uzuri wa uongo huo ni kwamba hakuna aliyeweza kuupinga. Ili alalamike, ilimpasa aseme mbele ya watu kilichokuwa kwenye picha. Bwana wa koti alifungua bahasha, akahesabu, akanitazama. Nikamwambia mwanga uliingia. Akaondoka kimya na picha zake za harusi ya binamu.

Nilimuuliza Mzee Twaha kwa nini wapagazi tuliwasafishia. Akanijibu, "Mwanaume uchi wake mzaha. Mwanamke uchi wake kesi." Kisha akanisimulia kwamba miaka ya nyuma alimsafishia mume mmoja picha za mkewe. Mume akalewa, picha zikazunguka kilabuni meza kwa meza. Aliyefukuzwa nyumbani ni mke. Alipofika kwao, baba yake hakufungua mlango. Yule mama akavuka mpaka wa Kenya pale Holili na kifurushi kimoja, na hakuna aliyemwona tena. "Na nilikuwa nimezisafisha vizuri, Anaeli," akasema. "Ilikuwa kazi nzuri kabisa."

Kwa hiyo tukachoma. Nilichoma kwa mikono yangu, na nilijiona mlinzi wa wanawake wa mji huu. Wanaume tuliwasafishia, tukawakuzia, nusura tuwaweke dirishani. Sikuona kasoro. Nilikuwa mwanamke na nikaona ni busara, na hilo peke yake linanichosha kuliko kazi yote niliyofanya.

Mwaka wangu wa nne, Mzee Twaha akiwa amekwenda msibani Same, alikuja mama mmoja wa Uru. Nitamwita Filomena. Alikuwa amenizidi miaka saba au minane, mtu wa kahawa na ndizi, kucha zake zina utomvu wa mgomba usiotoka kwa sabuni. Aliacha mkanda, akasema ni komunio ya kwanza ya binti yake, na kwamba angeupitia siku ya nne. Nikaandika bahasha: Filomena, Uru, nyuma ya kanisa.

Komunio ilikuwepo kweli. Mtoto na shela na mshumaa, sufuria la mtori, akina mama wamekaa kwenye mkeka. Kisha zikafuata picha nne za Filomena mwenyewe amesimama migombani, kitenge kiunoni, kifua wazi. Baada ya hapo ikaja picha moja ya mbuzi, mkanda ukaisha.

Nilisimama chini ya taa nyekundu nikamwonea huruma. Niliwaza mume gani huyu, anamvua mke wake nje, mchana, na picha za komunio ya mtoto zimo humo humo. Hasira ikanipanda. Hata negativu, ule mkanda uliokwisha kusafishwa, sikuisubiri ikauke vizuri. Niliziangalia mara moja tu kwa karatasi ndogo za kujaribia, nihakikishe macho hayanidanganyi, kisha nikakata, nikachoma vyote, karatasi na mkanda. Niliosha mikono nikaenda kula, na nilikula vizuri.

Siku ya nne alikuja saa nne asubuhi, peke yake, na kapu. Ndani ya kapu mlikuwa na blanketi, chupa ya chai na kikombe. Alifungua bahasha pale pale, akapitisha picha moja moja, akarudia.

"Dada, kuna nne hazimo."

"Zipi?"

"Za nyumbani. Za migombani."

"Mwanga uliingia," nikasema.

Akaishika ile picha ya mbuzi. "Kwenye hizo tu?"

"Hutokea."

Alinitazama usoni. Hakuwa na aibu hata kidogo, na hilo lilianza kunitia wasiwasi. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Basi. Nilimwomba dada yangu anipige kabla. Leo saa nane naingia wodini pale hospitali kubwa. Kesho wanalikata titi hili." Akagusa upande wa kushoto wa blauzi. "Nimenyonyesha watoto watatu. Nilitaka tu nibaki na kitu cha kuangalia."

Sasa someni vizuri hapa, maana ndipo nilipoharibu. Kuchoma lilikuwa kosa, lakini nilichoma kwa kutojua. Saa nne asubuhi ile nilikuwa najua. Nyuma yangu kulikuwa na pazia, nyuma ya pazia kamera ina mkanda ndani na taa mbili nzima. Mzee Twaha hayupo, wateja hakuna. Hospitali si mbali. Ilinibidi niseme maneno matatu tu: ingia, nikupige tena. Lakini niliogopa angejua kwamba niliziona, wakati nimeshasema mwanga uliingia. Ningelazimika kusema nimezichoma. Nikauchagua uongo wangu.

"Pole sana dada," nikasema. "Mungu yupo."

Akafunga bahasha, akaiweka juu ya blanketi. "Asante," akasema. Alinishukuru, jamani. Akashika kapu lake akaenda.

Mzee Twaha aliporudi nilimweleza. Alikaa kwenye kiti cha wateja, kile kilicho mbele ya pazia la maua ya kuchora. Akauliza, "Huyo tulikuwa tunamlinda na nani, Anaeli?" Debe lile hatukulitumia tena kwa negativu. Tukaanza utaratibu mwingine: picha ya namna hiyo inasafishwa, inafungwa kwenye bahasha, na hapewi mtu yeyote isipokuwa yule aliyemo, aje mwenyewe, mwanamke au mwanaume. Wapagazi walikasirika, maana sasa ilibidi waje wote sita. Wake waliokuja walikuwa wa kila aina. Wapo waliozichana mbele yangu. Yupo mmoja, mke wa mwalimu, aliyeziangalia, akatabasamu, akasema, "Hii na hii nikuzie." Kumbe na wa aina hiyo walikuwepo.

Zikaja picha za rangi, zikaja mashine zinazosafisha zenyewe, kisha kamera za kadi, kisha simu. Chumba cha giza kikawa stoo ya mafremu. Mzee Twaha akafariki, studio akaiendesha mwanawe, na mimi nikahamia kaunta kupiga picha za pasipoti na kuwaambia watu wafunge midomo. Yule mtu wa katikati akaondoka. Nilidhani na tatizo limeondoka naye.

Kisha alikuja yule mwalimu kijana, nitamwita Neema. Mnamkumbuka, wengi mlikuwepo. Aliyekuwa mchumba wake alileta simu studio, akaomba aprintiwe picha sita, na mwenzenu mmoja akazitoa bila kuuliza, kwa sababu mteja ni mfalme. Mfalme huyo akazituma shuleni alikofundisha Neema. Neema akaja na moja mkononi, kaigeuza nyuma, muhuri wetu umegongwa vizuri, jina la studio linasomeka lote.

Na mimi, pamoja na ujuzi wangu wote, nilimwambia nini? Nilimwambia, "Na wewe mwanangu, kwa nini ulikubali kupigwa?"

Akanijibu, "Nilijipiga mwenyewe, mama. Siku hiyo nilijiona mzuri. Hilo si kosa. Kosa ni huu muhuri."

Nilimsindikiza polisi. Pale dawati la jinsia tulimkuta askari wa kike, mdogo kuliko yeye. Askari hakuuliza kwa nini alijipiga. Aliuliza nani amezisambaza, lini, na akaandika. Nilikaa kwenye benchi pembeni nikahisi nimezeeka ghafla. Askari yule mdogo alikwisha kulijua jambo ambalo mimi lilinichukua miaka thelathini kulisogelea, na bado sikuwa nimelifikia. Mzee Twaha alichoma, mwenzenu alichapisha. Mmoja alikuwa mwema na mwingine mzembe, lakini hakuna aliyemuuliza aliyemo kwenye picha. Mkilisahau lolote katika karatasi hizi, hilo msilisahau. Anayeleta simu si lazima awe mwenye picha.

Tangu siku ile Filomena hakunitoka akilini. Sikujua kama alitoka hospitali mzima. Nilijua anakokaa, maana bahasha niliiandika mwenyewe, na Uru si Ulaya. Ningeweza kupanda Jumapili yoyote. Sikupanda kwa sababu niliogopa kuonyeshwa kaburi. Kazi ilinipa visingizio kila wiki, na nilipostaafu visingizio vikaisha.

Mwezi uliopita nilikata jani la isale kwenye mpaka wa kihamba chetu, shamba la ukoo, Marangu, nikalifunga fundo. Wachagga mnajua, na wageni niwaambie: aliyekosa akimpelekea jani hilo aliyemkosea, yule hawezi kukataa kusamehe. Nililifunga kwenye kanga, nikaenda Uru. Nyuma ya kanisa nikaulizia, nikaonyeshwa nyumba ya bati jekundu. Mtu aliyekuwa kibarazani anamenya ndizi alikuwa mzee, mwembamba, na blauzi yake upande wa kushoto imelala.

"Tumsifu Yesu Kristo," akasema.

"Milele amina," nikajibu, Mlutheri mimi. "Shikamoo dada."

"Marahaba. Karibu ukae."

Sikukaa. Nilitoa isale nikampa kwa mikono miwili. Alilitazama jani, akanitazama mimi, akaweka kisu chini.

"Wewe ni yule wa studio," akasema.

"Ndiye."

"Ulizichoma."

"Nilizichoma. Nilidhani ni mumeo amekulazimisha. Na ulipokuja nikakudanganya, na nafasi ya kukupiga tena ilikuwepo."

"Nilijua siku ile ile," akasema. "Mwanga gani unaruka komunio, unaruka na mbuzi, unanichagua mimi?" Akalipokea jani. "Isale silikatai. Nimekusamehe. Kaa sasa, umesimama kama mdai."

Nikakaa. Nilikuwa nimekuja na kamera yangu ndogo kwenye mkoba. Nikamwambia kwamba kama angependa, ningempiga sasa hivi, vyovyote atakavyo, na picha zote zitakuwa zake.

Alicheka kidogo. "Za nini? Hili kovu nalijua, naliona kila nikioga. Nilitaka lile." Akachukua ndizi nyingine, akaishika bila kuimenya. "Mume wangu alikufa. Dada yangu aliyenipiga naye amekufa, na siku ile alikuwa analia, hakuona kitu. Aliyeziona zile picha ni wewe peke yako."

"Ndiyo."

"Haya, niambie. Nilikuwaje?"

Nimetumia maisha yangu nikitazama picha za watu, na hakuna hata moja niliyowahi kuombwa niieleze. Nikafumba macho ili niione taa nyekundu.

Nikamwambia alisimama kati ya migomba miwili, na jua lilipita kwenye majani likampiga mistari begani. Kwamba ya kwanza alikuwa anacheka. Ya pili kidevu kilikuwa juu, anaitazama kamera moja kwa moja. Ya tatu alikuwa amekasirika.

"Nilikuwa namwambia dada aache kulia ashike kamera vizuri," akasema. "Na ya nne?"

"Ya nne ulikuwa umelibeba kwa kiganja," nikasema. "Hukuitazama kamera. Ulikuwa unalitazama lenyewe, uso umetulia. Lilikuwa limejaa, dada, na mkono wako ulikuwa na utomvu. Ulikuwa mzuri. Nilikuwa na hasira siku ile, sikukiri, lakini niliona. Ulikuwa mzuri sana."

Filomena alikuwa ameinua mkono bila kujua, kiganja kimekaa hewani mbele ya upande ule uliolala.

"Niambie tena hiyo ya nne," akasema.

Nikamwambia tena.